Ng'ombe Wanne Waliokuwa Wanane

Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, alikuwa na kisa alichopenda kukisimulia. Jamaa yake mmoja alikuwa chifu. Siku moja chifu huyo yuko barazani na wazee wake, mara akatokea mtu anaswaga ng'ombe wanane. Akasalimu kwa heshima, akasema ng'ombe wale ni mali ya chifu. Chifu hakuelewa. Mtu yule akaeleza kwamba zamani, alipokuwa akichunga mifugo ya mzee, aliiba ng'ombe wanne. Wale wanne walizaa, sasa wamekuwa wanane, na wote amewaleta. Chifu akauliza ni nani aliyemkamata. Akajibiwa kwamba aliyemkamata ni Yesu.

Hakuna aliyecheka. Chifu angeweza kumfunga au kumchapa, na mtu mwenyewe alikuwa tayari kwa yote mawili, lakini aliambiwa aache ng'ombe aende zake nyumbani. Siku chache baadaye Kivengere, wakati huo kijana, akampongeza mzee kwa kupata ng'ombe wanane wa bure. Mzee hakuwa na furaha yoyote. Alisema tangu mtu yule aje hajapata usingizi, kwa sababu kama na yeye angeitaka amani ile, ingembidi arudishe ng'ombe mia moja.

Wahubiri hukipenda kisa hiki kwa ajili ya yule mwizi aliyetubu. Mimi hunishika zaidi kwa ajili ya hesabu yake. Sheria, kama ingekuwa na shahidi, ingedai ng'ombe wanne. Majirani wangeridhika na wanne, tena wangemsifu. Ndama hakuna aliyewauliza. Aliyewahesabu ni mwizi mwenyewe, peke yake, huko zizini kwake, akijua kwamba yupo Mmoja aliyekuwa akihesabu pamoja naye. Na yule chifu, ambaye hakuwa ametubu chochote, naye akajikuta anapiga hesabu kitandani usiku.

Kiswahili kina neno kwa jambo hili, ingawa tunalitumia kivivu. Tuna kuogopa, na tuna kucha. Mtu huogopa nyoka, moto, mwalimu wa zamu. Kucha ni neno kongwe zaidi, ndugu wa kutya ya Waganda, nasi tumelibakiza katika pembe chache tu za lugha: mcha Mungu, uchaji, na lile umbo la kuchelea ambalo kila mtoto aliyesoma methali amelikuta kwa mchelea mwana kulia. Mzazi anayechelea kilio cha mwanawe hamkimbii mtoto. Anampenda mno, na kwa sababu hiyo kila anachofanya anakipima kwanza kwa kilio hicho. Methali inamlaumu, kwa kuwa amemcha asiyestahili kuchwa. Lakini hali yenyewe ya moyo imeelezwa vizuri kuliko nilivyoiona katika vitabu vingi vya theolojia: kucha ni kuishi ukipima mwendo wako kwa uso wa mwingine. Waislamu wa pwani walilitumia neno hili kwa Mungu muda mrefu kabla ya misheni kufika. Wakristo walipotafsiri Biblia walilikuta tayari limenyooka, wakalichukua.

Kuna mahali na wakati ambapo uchaji huo ulitoka katika vitabu vya sala ukaingia stoo, jikoni, zizini na katika daftari la duka. Mahali penyewe ni Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walikuwa na hospitali hapo tangu miaka ya 1920. Daktari kijana, Joe Church, alifika mwaka 1928 na kukumbana na njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Alipokuwa amechoka kabisa, mwaka 1929, alikwenda Kampala. Huko, katika kilima cha Namirembe, alikutana na Muganda mmoja aliyeitwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa serikali katika mambo ya afya, ambaye naye alikuwa na kiu ileile. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Baadaye Nsibambi aliacha kazi yake ili ahubiri tu.

Hapa historia huandikwa mara nyingi kama habari ya watu hawa wawili, Mzungu na Mwafrika wamepiga magoti. Ni picha nzuri. Lakini kwa swali ninalolifuata, mtu wa kutazamwa ni wa tatu, Yosiya Kinuka, mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini. Kazi haikuwa inakwenda vizuri pale. Watumishi walinung'unika, vitu vilipotea, Kinuka mwenyewe alikuwa na kinyongo. Alipofika Kampala kumtembelea Nsibambi alianza kulalamika juu ya hospitali, na Nsibambi akamjibu kwamba ubaya wa hospitali unatoka katika dhambi iliyo moyoni mwake yeye Kinuka. Jibu hilo halina adabu ya ugeni hata kidogo. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, akaanza na vitu vilivyokuwa mikononi mwake: wagonjwa, wenzake wa kazi, mali ya hospitali.

Mwishoni mwa Desemba 1933 mkutano wa maombi Gahini uligeuka kuwa maungamo ya saa nyingi, mtu mmoja baada ya mwingine akisimama kutaja alichofanya. Septemba 1935 moto huo ulifika Kabale. Januari 1936 Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu pale Gahini, alikufa kwa homa Kampala akiwa bado kijana, na kifo chake kiliwafanya wengi wasikilize alichokuwa akisema, yaani kwamba kanisa limelala, liamke. Mwaka 1937 wajumbe walikwenda Kabete, Kenya. Mwaka 1939 walikwenda Katoke, Tanganyika, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria. Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookolewa, mwanzoni kwa kejeli. Wakikuyu wakawaita Ahonoki.

Walichokuwa wakifanya watu hawa, ukiacha nyimbo na mikutano, kilikuwa cha kawaida mno hata mtu angeona haya kukiandika katika kitabu cha historia. Walirudisha vitu. Mali ya hospitali na ya misheni iliyopotea miaka mingi ilianza kurudi bila polisi. Madeni yaliyosahauliwa na mwenye duka yalilipwa. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watu, jambo ambalo wazee waliliona kuwa fedheha kuliko wizi wenyewe. Kivengere, baada ya kuokoka kwake mapema katika miaka ya 1940, alipanda baiskeli akaenda maili 50 kumwomba msamaha Mwingereza mmoja aliyekuwa amemchukia. Maili 50 za vilima vya Kigezi, kwa baiskeli ya wakati ule! Na yule Mwingereza huenda hakuwa na habari kabisa kwamba anachukiwa.

Kulikuwa na wamisionari ambao nao walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao cha rangi. Hilo lilitikisa watu kuliko mahubiri. Lakini pia liliwagawa Wazungu wenyewe, kwa kuwa katika koloni, Mzungu anayeomba msamaha kwa mpishi wake amegusa nguzo ya nyumba.

Halafu kuna pombe. Msomaji wa leo huona kukataa pombe kama alama ya ulokole tu, kitu cha kutaniwa. Katika Kigezi au Bukoba ya wakati ule pombe ya ndizi ilikuwa wino wa mikataba. Posa ilipokelewa kwa pombe, shamba liliuzwa kwa pombe, ugomvi wa ukoo ulizikwa kwa pombe, na wafu walikumbukwa kwa pombe. Aliyekataa mrija alikuwa amekataa baraza zima. Chai, kinywaji cha dukani, ikawa ndiyo ya ndugu, wakiinywa pamoja wanaume na wanawake, Mnyankole na Muganda na daktari Mwingereza. Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyepita katika uamsho huo hadi akawa askofu wa Kilutheri mwaka 1964 na rais wa shirikisho la Walutheri duniani mwaka 1977, aliandika kitabu kizima juu ya kanisa na ukoo. Swali hilo hakulipata maktabani. Mtu aliyeacha pombe ya ukoo alihitaji ukoo mwingine upesi, kabla mvua haijanyesha na paa halijavuja, na ndugu wa feloshipu ndio waliokuja na nyasi za kuezekea.

Hata sahani iliguswa. Katika Buganda desturi ilimzuia mwanamke kula kuku na mayai. Katika nyumba za waliookoka miiko ya namna hii ilianza kuachwa, maana hofu iliyokuwa ikiilinda ilikuwa imepata mkubwa wake. Nadhani hapa ndipo uchaji ulipofanya kazi yake iliyo ya ajabu zaidi. Watu hawa hawakuacha kuogopa. Walipanga upya hofu zao, kubwa moja juu, nyingine chini yake, na nyingi za chini zikakosa pumzi. Uchawi, mizimu, aibu ya kijiji, ukali wa chifu, sura ya bwana shauri. Mtu ambaye ameshamwambia mkewe ukweli wote hana tena siri ya kutishiwa nayo.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu wapo waliouonja. Lugha ya ndugu ilikuwa kutembea nuruni, na nuru nyingine huchoma. Anayesimama kuungama uzinzi wake hadharani anamtaja pia mtu wa pili, ambaye pengine hakuombwa ruhusa, ambaye ana mume na watoto na shamba la kulima kesho yake. Wazee waliolalamika kwamba ndugu wanavua watu nguo hawakuwa wote wanafiki. Na katika feloshipu, ukimya wenyewe ukageuka kuwa ushahidi: asiye na la kuungama ana la kuficha. Mwaka 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono wanafunzi 26 walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao, baada ya mvutano na wakuu wa chuo juu ya ibada zao za alfajiri na jinsi walivyokuwa wakiwahukumu wenzao na walimu. Ukisoma habari ile huwezi kuamua kwa urahisi nani alikuwa na haki. Vijana walikuwa wakiomba, ni kweli. Lakini pia walikuwa vijana waliojua kwa hakika nani ameokoka na nani bado, na hakuna nyumba inayokalika na watu wa namna hiyo. Baadaye kundi la Abazukufu, chini ya Yona Mondo, liliongeza masharti juu ya masharti hadi kukopa kukawa dhambi ya kukutenga. Uchaji uliohesabu ndama ulikuwa umeanza kuhesabu ndama za jirani.

Mtihani mkubwa ulikuja Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu watu walilishwa kiapo cha Mau Mau, na madai yaliyokuwa nyuma ya kiapo hicho, ardhi na uhuru, yalikuwa ya haki. Hilo lisifichwe. Ndugu wa uamsho walikataa kiapo. Walisema wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa ya mbuzi juu yake. Wengine waliuawa kwa neno hilo. Serikali iliona hapo nafasi, ikawataka washike bunduki katika kikosi cha ulinzi wa vijiji, na wengi wao wakakataa hiyo pia. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wao, alikuwa ameoa binti wa Chifu Koinange, na shemeji yake aliyeoa binti mwingine wa mzee huyo alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye serikali ilikuwa imemfunga kama kiongozi wa Mau Mau. Hebu kaa katika sebule hiyo kwa dakika moja. Upande huu wanakuita msaliti wa ardhi ya baba zako, upande ule wanakushuku kwa kukataa bunduki, na huna jeshi lolote. Kariuki alitoka humo akiwa hai. Tarehe 15 Mei 1955, Namirembe, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang', Yohana Omari wa Tanganyika na Daniel Deng Atong wa Sudan.

Uamuzi wa kukataa kiapo ulifanywa usiku, mlango ukigongwa, na usiku mtu hutumia alichokizoea mchana. Mtu aliyezoea kurudisha shilingi mbili za duka kwa sababu Mungu anaona, alikuwa amefanya mazoezi miaka kumi bila kujua anajiandaa kwa nini. Sioni njia nyingine ya kueleza ushujaa wa wakulima na walimu wa shule ambao hawakuwa na tabia ya ushujaa. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 katika uamsho huohuo. Askari wa Idi Amin waliingia nyumbani kwake usiku, Februari 1977, wakitafuta silaha; yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua ya kupinga mauaji, na tarehe 16 ya mwezi huo akauawa.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimeandika kitabu cha watakatifu. Rwanda hairuhusu. Mwaka uleule wa 1933, watu wa Gahini walipokuwa wakisimama kutaja mashuka na fedha na chuki zao, serikali ya Kibelgiji ilikuwa ikiendesha sensa katika nchi hiyohiyo, ikiandika kila mtu mzima katika kitambulisho: Mhutu, Mtutsi, Mtwa. Mambo mawili yaliandikwa kwa wakati mmoja, dhambi za mtu mmojammoja na kabila la kila mtu. Ndugu waliyaona yale ya kwanza kwa macho makali ajabu. Ya pili yalipita kama shughuli ya ofisini. Ndani ya feloshipu Mhutu na Mtutsi waliombana msamaha na kula pamoja, na hilo halikuwa dogo. Lakini kitambulisho hakina moyo wa kutubu. Hakuna aliyekiiba, kwa hiyo hakuna aliyejua namna ya kukirudisha. Mwaka 1994, katika nchi ambako uamsho ulizaliwa, watu wapatao 800,000 waliuawa kwa siku mia moja, wengi wao Watutsi, wakikaguliwa vitambulisho vizuizini, na viongozi wa makanisa, ya Kianglikana yakiwemo, walikuwa wamekaa karibu mno na serikali hata kushindwa kusema neno lililo wazi.

Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba uchaji wote ule ulikuwa utando tu. Sikubaliani nao, ingawa naelewa hasira yao. Naona uchaji ule ulikuwa wa kweli na ulikuwa na urefu wa mkono. Uliweza kufika kila mahali ambapo mkono wa mtu mmoja ulikuwa umefika: kwenye zizi, kwenye stoo, kwenye kitanda, kwenye panga aliloshika au alilokataa kulishika. Dhambi isiyo na mkono, iliyofanywa na karani kwa kalamu kwa niaba ya wote, iliupita juu. Hata hivyo mwaka 1994 wapo waliowaficha majirani chini ya vitanda na darini, wengine wakafa nao, na sijui tutaziita nini hofu zilizowazuia kufungua mlango kama si mpangilio uleule wa zamani.

Nyamata, kusini mwa Kigali, kanisa Katoliki ambamo maelfu waliuawa mwaka 1994 sasa ni mahali pa kumbukumbu. Miaka thelathini kabla ya hapo, mji huohuo ulikuwa na mchungaji wa Kianglikana, Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho. Baada ya machafuko ya 1959 Watutsi wengi waliofukuzwa makwao walipelekwa huko, na yeye akawahudumia, akianzisha makanisa na shule katika nchi ya mbung'o na maji haba. Desemba 1963 wakimbizi wenye silaha walivamia kutoka Burundi, na kisasi kikawashukia raia. Rafiki zake walimshauri akimbie. Hakukimbia.

Usiku mmoja wa Januari 1964 askari walikuja kumchukua pamoja na wengine. Mwenzake mmoja aliachiwa, na kwake ndiko tunakopata habari ya saa zile. Njiani Yona aliomba kwa ajili ya askari. Walipofika aliomba ruhusa ya kuandika katika daftari lake, akapewa. Aliandika kwamba wanakwenda mbinguni. Kisha akaandika hesabu ya fedha za kanisa zilizobaki nyumbani, akawaomba askari wamfikishie mkewe daftari pamoja na pesa alizokuwa nazo mfukoni. Wakalipokea. Halafu wakamwongoza kuelekea darajani, naye akienda anaimba.